Kubadilisha freti za gitaa mwenyewe: anzia shingo ipi, waya upi, nyundo au presi?

Wadau wengi wanaotaka kujifunza hii kazi ya kubadilisha freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa, wanaanza kwa kuuliza vifaa, wanatumiwa orodha ndeefu ya vitu vya Marekani ambavyo ukijumlisha na usafiri vinapita bei ya gitaa lenyewe, basi wanakata tamaa hapohapo. Mi naona kabla ya vifaa kuna mambo kadhaa ya kuchagua, na kila moja nitalipima kwa swali moja tu: ukikosea hapa, unaweza kurudi nyuma? Maana freti ikikaa vibaya unaing'oa unaweka nyingine, umepoteza kipande cha waya cha sentimita sita basi. Ila ubao wa freti, ule wa juu ya shingo ambao freti zinapigwa humo, ukishaupitisha msasa vibaya ukaingia bonde katikati au ukalala upande mmoja, mbao haiongezeki. Kazi yote ya kufreti iko kwenye ubao, kupiga freti kwenyewe ndo sehemu nyepesi, japo video karibu zote zinakuonyesha nyundo.

Na tuongee hela kidogo kabla hatujaendelea. Marekani kumpelekea fundi gitaa abadilishe freti zote mara nyingi ni dola 300 kwenda juu, huku kwetu ni pungufu sana ukimpata anayejua. Kama una gitaa moja na huna mpango wa la pili, mlipe fundi, vifaa vitakugharimu zaidi. Kujifunza kunalipa kama unatunza magitaa ya kwaya au bendi, au una kaka zako wapiga gitaa kila mmoja na la kwake, au unataka iwe kazi.

Kuleveli tu, au kung'oa zote?

Watu wengi wanaodhani wanahitaji freti mpya wanahitaji kuleveli tu. Freti mpya inasimama milimita 1.1 mpaka 1.4 hivi juu ya ubao kutegemea na saizi. Anayepiga kodi (chords) za wazi kila Jumapili anachimba visima kwenye freti 1 mpaka 3 chini ya nyuzi nyembamba, mpiga solo wa sebene yeye anaishi huko juu kwa hiyo gitaa lake linalika kuanzia ya 7 na kuendelea. Kuleveli maana yake unazishusha freti zote zifikie urefu wa ile iliyolika zaidi, halafu unazirudishia mgongo wa mviringo kwa tupa, unasugua mpaka zing'ae. Chukua venia (kile kipimo cha kupimia milimita) upime kina cha kisima: ukikitoa kwenye urefu wa freti na bado inabaki 0.8 hivi, leveli uendelee na maisha. Ikishuka chini ya 0.6 kidole kinaanza kugusa ubao, kuvuta uzi kunakuwa kazi, hapo ng'oa.

Kwa upande wa kurudi nyuma, kuleveli hakurudishiki kwa maana chuma ulichokikata kimeenda, lakini ubao hujaugusa kabisa kwa hiyo ukiharibu sana sana umejiingiza kwenye kubadilisha freti ambako ulikuwa unaelekea tu. Halafu kuna kitu watu hawakioni, kuleveli ni nusu ya pili ya kazi ya kubadilisha freti, hata ukipiga freti mpya vizuri namna gani utalazimika kuzileveli mwishoni. Kwa hiyo ukijifunza kuleveli kwanza kwa miezi kadhaa hujapoteza muda hata kidogo.

Kuleveli hakusaidii kama tatizo ni mbao. Shingo iliyojikunja kama kamba (upande wa besi, wa nyuzi nene, unaenda juu, wa tribo, wa nyuzi nyembamba, unaenda chini), au ubao ulioinuka pale shingo inapoingia kwenye mwili, hapo utakata freti za mwisho mpaka ziishe na bado nyuzi zinalia zzz. Na kama tatizo ni freti mbili tatu zilizolegea ncha, usileveli wala usibadilishe, bana na gundi.

Kuna njia ya katikati, kubadilisha freti 5 za kwanza tu. Kwa fundi mzoefu ni nzuri na rahisi. Kwa anayejifunza mi siipendi, maana freti mpya inabidi ifanane upana na za zamani, halafu uzishushe mpya zikutane na za zamani kwa kipimo kilekile, na ukikosa hapo gitaa linakuwa na ngazi freti ya 5 kwenda ya 6 ambayo utaisikia kila siku.

Shingo ya kujifunzia

Hapa ndo pa kutulia, maana ukichagua shingo mbaya hata uwe na mkono mzuri utadhani hii kazi ni ya wachawi.

Gitaa la umeme la bei rahisi lenye umbo la Stratocaster, yale yanayojaa madukani, shingo imefungwa kwa bolti nne nyuma. Hili kwangu ndo namba moja na sioni linalolikaribia. Unafungua bolti, shingo inalala mezani peke yake, unaigeuza unavyotaka, hakuna mwili wa kukukera wala rangi ya kuichubua. Ubao wake mara nyingi ni rozwudi au mbao nyingine iliyopakwa giza, haina vanishi juu, kwa hiyo ukiisaga na msasa unapaka mafuta kidogo inarudi. Na ikifa kabisa unanunua shingo nyingine unaifunga, urefu wa nyuzi wa hiyo familia ni milimita 648 na shingo za kubadilisha zimejaa. Nani atalia?

Kununua shingo tupu peke yake mtandaoni inaonekana ni akili zaidi, lakini ina kasoro moja kubwa: huna pa kuijaribia. Shingo bila nyuzi inadanganya. Inaonekana imenyooka, ukiivutia nyuzi ndo unajua freti ya 13 imeinuka. Bora gitaa zima hata kama ni bovu umeme wake, piki-apu (ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi) haitakiwi kufanya kazi ili ujue kama freti inalia.

Akustika ya nyuzi za chuma, shingo imegundishwa mwilini. Freti mpaka ya 12 sio mbaya, shida inaanza pale ubao unapopita juu ya mwili, kuanzia ya 14 hivi. Ukipiga nyundo pale unapiga juu ya ubao mwembamba wa mbele wa gitaa, inabidi uingize mkono tunduni ushikilie kitu kizito chini yake kila unapopiga. Inawezekana, watu wanafanya, ila sio ya kuanzia.

Gitaa la klasiki, la nyuzi za nailoni, hili linawatega wengi kwa sababu ubao wake ni bapa, hauna mgongo, waya unaupiga ulivyonyooka bila kuukunja. Rahisi eeh? Sasa mengi hayana ile fimbo ya chuma ndani ya shingo ya kurekebishia, wengine wanaiita trasirodi. Kila freti unayoipiga ni kabari, mguu wake (sehemu inayoingia kwenye mbao) ukiwa mnene kuliko mfereji uliokatwa kwenye ubao, kabari 19 zinaisukuma shingo ijikunje kwenda nyuma, na ukiwa mwembamba shingo inalegea inakuja mbele. Kwenye gitaa lenye fimbo unazungusha spana unasawazisha, kwenye klasiki isiyo na fimbo ndo hivyo umeshaamua. Kwa hiyo ile inayoonekana nyepesi ndo haina kurudi nyuma. Tena nailoni haizili freti kama chuma, gitaa la klasiki linalohitaji freti mpya kweli ni nadra, usilitafutie ugonjwa.

Shingo ya mbao ya mepo (maple) yenye vanishi, ile nyeupe inayong'aa ya kampuni ya Fender, weka pembeni kwanza. Vanishi imepanda mpaka juu ya ukingo wa freti, ukiing'oa bila kuikata kwanza kwa wembe pande zote mbili inabanduka vipande vikubwa, na ukishasawazisha ubao inabidi upulize vanishi upya, hiyo ni kazi ya pili kabisa ndani ya kazi ya kwanza. Na kama ni Fender ya zamani ya kweli, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwandani walikuwa wanazisukuma freti kwa ubavuni kutoka upande wa besi badala ya kuzibamiza kutoka juu, kwa hiyo na kuzitoa unazisukuma kwa ubavuni kurudi zilikotoka, ukivuta juu unabeba na mbao. Hiyo hata sio ya mwaka wa pili.

Zenye baindi, ule utepe wa plastiki pembeni mwa ubao kama Gibson nyingi, ni darasa la kati. Mfereji hauonekani kwa pembeni, inabidi ukate miguu ya freti ncha zote mbili kichwa kibaki kimelala juu ya utepe. Ukisahau kukata, mguu unatoboa plastiki.

Ubao wa eboni nao ni mgumu na unakatika kwa vipande vidogo vidogo kama vioo ukivuta freti haraka, unahitaji joto na subira. Watu wanadhani eboni ya magitaa ndo mpingo wetu wa Lindi na Kilwa, hapana, mpingo wetu unaenda sana kwenye klarineti, eboni ya magitaa nyingi inatoka Kameruni na ni ukoo mwingine wa mti. Ila ukiwa na seremala anayechonga mpingo mtaani kwako muombe mabaki ukatie mifereji ya mazoezi, ukiweza kung'oa freti kwenye mpingo bila kuubandua basi rozwudi utaiona siagi. Vaa barakoa, vumbi lake linawasha kifua.

Waya: nikeli-silva, stenlesi au ile ya dhahabu

Nikeli-silva ndo iliyo kwenye magitaa mengi duniani na haina silva hata chembe, ni shaba nyingi, nikeli kama asilimia 18 na zinki. Laini, inakatika kwa koleo la kawaida, inakubali tupa, inakunjika na kukaa. Inalika pia, ndo maana tuko hapa.

Stenlesi inadumu sana, haishiki kutu wala haigeuki rangi hata ukipiga gitaa kila wikiendi hoteli za ufukweni Mombasa au Unguja ambako chumvi inakula kila kitu, na kuvuta uzi juu yake ni kama hakuna msuguano. Bei ya waya sio kubwa kihivyo. Kinachokula hela ni vifaa: inang'oa makali ya koleo, tupa ya kawaida inateleza tu juu yake, utataka tupa ya almasi, na kuleveli freti 22 ambazo hazijakaa sawa ni kusugua mpaka mkono uombe msamaha. Ina kiburi pia, ina chemchemi, ukiikunja vibaya ncha zinainuka kila ukizilaza. Ncha zake ulizokata ni sindano, zinachana kidole kweli. Tafsiri yake ni kwamba stenlesi inamsamehe mpiga gitaa ila haimsamehi anayejifunza kufreti. Wale wanaosema inabadilisha sauti ya gitaa waache waseme, kwenye amplifaya tofauti hiyo kuitambua bila kuangalia ni ngumu mno.

Ile ya rangi ya dhahabu inaitwa EVO, ni mchanganyiko wa shaba usio na nikeli, ugumu wake uko katikati ya hizo mbili. Kwa mtu ambaye ngozi yake inakataa nikeli, vidole vinawasha na kutoa vipele, ni jibu zuri. Kufanyia kazi ni ngumu kidogo kuliko nikeli-silva ila tupa zako zitapona. Tatizo ni kuipata na bei, na rangi yake lazima uipende.

Shingo ya kwanza na ya pili weka nikeli-silva. Sio kwa sababu ni bora, ni kwa sababu ukikosea unang'oa unarudia na hujalia.

Saizi sasa, na hapa kuna ujanja ambao mimi nauthamini kuliko aina ya chuma. Nyembamba ya kizamani ni kama milimita 2.0 upana na 1.1 urefu, ya kati nyembamba-ndefu ni 2.4 kwa 1.2, jumbo ni 2.8 kwa 1.4. Ukiwa unang'oa freti mara ya kwanza lazima utabandua vipande vidogo vya mbao kando ya mfereji, hakuna namna. Freti pana inafunika hayo makovu, nyembamba inayaacha wazi yote. Kwa hiyo usiweke kamwe freti nyembamba kuliko iliyokuwepo, na kama iliyokuwepo ni 2.4 nenda 2.7 ulale usingizi. Na ndefu inakuachia chuma cha kukata wakati wa kuleveli, ukiweka ya 1.1 na ubao wako una mawimbi utaileveli mpaka inakwisha. Mwenye mkono mzito anayekandamiza nyuzi kwa nguvu, jumbo ndefu itamfanya noti zipande kidogo nje ya tyuni, huyo aende ya kati.

Cheki na mguu wa freti, unene wa sehemu inayoingia, mara nyingi 0.5 mpaka 0.6. Pima na mfereji wako. Hilo dukani hawakwambii na ndo linaloamua kama shingo itanyooka.

Kuhusu seti zilizokatwa tayari za vipande 22 au 24 kutoka China na waya wa koili: seti ni rahisi na haina hesabu, ila zinakuja zimenyooka au zimekunjwa kwa mgongo usiojulikana na hakuna cha akiba. Koili unakata mwenyewe, mita moja na nusu inatosha shingo moja na inabaki ya kurudia mbili tatu. Koili inakuja tayari imejikunja, na hicho ndo unachotaka, waya uwe umejikunja kuzidi kidogo mgongo wa ubao, mfano mgongo wa ubao ni inchi 12 (namba ikiwa kubwa ndo ubao unazidi kuwa bapa) basi waya uwe kama 10, ili ukiubamiza ncha ziwe za kwanza kuuma mbao na katikati ifuate. Waya ulionyooka kuliko ubao ncha zake zitainuka tu, leo au mwezi ujao.

Nyundo au presi

Presi ni ile mashine ya mkono inayoshuka wima, unaifunga kipande cha shaba chenye mgongo uleule wa ubao, unabana freti inaingia mara moja kimya kimya. Freti zote 22 zinaingia kwa nguvu sawa, hakuna alama, hakuna kupinda. Kwa anayefanya shingo nyingi ni raha. Lakini inataka kipande cha shaba kwa kila mgongo: Fender za kizamani ni inchi 7.25, za kisasa 9.5, Gibson 12, na ukikosa kinachoendana presi inabana katikati inaacha ncha hewani.

Nyundo haijali mgongo ni inchi ngapi. Kichwa kiwe cha plastiki ngumu au shaba, shingo uilaze juu ya mfuko mdogo wa mchanga uliojaa vizuri ili isidunde, unagonga ncha moja, unagonga ya pili, halafu unaingia katikati kwa mapigo mepesi. Sikiliza: freti ambayo haijakaa inatoa sauti ya kizibo, ikigusa ubao sauti inabadilika inakuwa kavu na ngumu, hapo acha. Wengi wanaharibu kwa pigo la ziada baada ya hiyo sauti, freti inazama katikati ncha zinaruka, wanapiga ncha, katikati inaruka, wanaanza kukimbizana nayo kama panya na paka. Ikifika hapo ng'oa weka kipande kingine, chuma kilichopinda mara tatu hakikai tena.

Nyundo inashinda kwa anayeanza, na sababu sio bei tu. Nyundo inakuambia kuhusu mfereji. Freti ikigoma mkononi unajua mfereji mwembamba au umejaa uchafu na gundi ya zamani, ikiingia kama inatumbukia unajua umepanuka. Presi inalazimisha tu, huambiwi kitu, unakuja kushtuka shingo imejikunja kwenda nyuma na fimbo imefika mwisho haizunguki tena. Ukishaijua mifereji, nunua presi.

Gundi au kavu

Fupi hapa. Mfereji ukiwa sawa na mguu, freti inakaa kavu na itakaa miaka. Supaglu ile nyepesi kama maji inaingia yenyewe chini ya freti na kushika palepale, inafaa kwa mfereji uliopanuka, ila ikimwagika kwenye vanishi imeondoka nayo, paka nta pembeni kwanza. Gundi nyeupe ya seremala inakupa muda, inasaidia freti iteleze kuingia, unafuta na kitambaa chenye maji. Zote zinalegea kwa joto, ndo maana kabla ya kung'oa freti yoyote unaipitishia pasi ya kulehemu ya fundi redio mpaka iwe moto, gundi inalainika na mbao inatoa mafuta, inabanduka kidogo. Mi naanza kavu, inayoinuka ncha ndo napaka na kuibana kwa klampu.

Kununua vifaa au kutengeneza

Cha kung'olea: koleo la mdomo bapa lile mafundi nondo wanakatia waya wa kufungia, mpelekee fundi grainda asage uso wake mpaka makali yawe usawa kabisa na uso, achovye kwenye maji kila baada ya sekunde chache chuma kisipoteze ugumu wake. Linafanya kazi sawa na la dola nyingi. Kumbuka unabana na kutembea taratibu kuanzia ncha, freti inajinyanyua yenyewe, huvuti.

Kibao cha kulevelia: nenda kwa mafundi madirisha ya aluminiamu uombe kipande cha bomba la pembe nne la sentimita 45 hivi. Sasa usikiamini. Weka msasa juu ya kioo kinene kilicholala mahali sawa, chora mistari ya maka pen kwenye aluminiamu, sugua mpaka mistari yote ifutike. Kama katikati mistari inabaki ujue kina bonde, endelea. Bila hii hatua kila kitu kingine ni kujifurahisha, kwa sababu hiki ndo kitakachogusa ubao wako usiorudishika. Pesa yangu ya kwanza ningeiweka hapa na kwenye rula ya chuma iliyonyooka kweli.

Kibao chenye mgongo cha kusawazishia ubao kwa inchi 9.5 au 12, hiki nunua, sio ghali na kukichonga kwa mkono ni ndoto. Ukitumie kwa msasa mpya wa namba 120 kisha 220 na mkono usikandamize, mistari ya penseli kwenye ubao ikifutika acha. Kabla hujaanza hakikisha shingo umeinyoosha kabisa kwa fimbo bila nyuzi. Wengi wanaparuza shingo iliyojikunja, wakifunga nyuzi wanashangaa bonde limetoka wapi.

Tupa ya kurudishia mgongo wa freti, yenye bonde katikati, nayo nunua. Unaweza kutumia tupa ya pembe tatu iliyosagwa ncha zake, mafundi wa zamani wote wamefanya hivyo, lakini inataka mkono uliozoea na kila ikiteleza inaacha mkwaruzo kwenye ubao. Msumeno wa mifereji usibahatishe na msumeno wa chuma wa duka la vifaa, njia yake ni pana kuliko mguu wa freti na mfereji ukishapanuka umepanuka. Kwenye mifereji ambayo ipo tayari hata msumeno huhitaji, kwangua uchafu kwa ncha ya kisu iliyopindwa.

Ah na kitu kimoja: ukisugua freti kwa pamba ya chuma, funika piki-apu na tepu. Nyuzinyuzi zinarukia sumaku na hazitoki tena.

Video au kukaa na fundi

Video ni nzuri kwa mpangilio, nini kinatangulia nini. Haikuonyeshi nguvu ya mkono, wala ile sauti ya freti ikikaa kwa sababu maikrofoni inaikata. Fundi mmoja hata akiwa anatengeneza magitaa ya kawaida tu, ukikaa naye asubuhi moja ukamshikia shingo wakati anapiga, unapata kile kitu video haina. Kaa naye kwa heshima, mletee chai, usimuulize maswali wakati ameshika nyundo. Ila wapo mafundi wanaobamiza freti juu ya ubao bila kuusawazisha, kazi inaonekana safi siku ya kukabidhi, kwa hiyo muulize kabla ya yote: ubao unausawazisha kwa kutumia nini? Akikuonyesha kibao chake umefika.

Ukimaliza, usiharakishe kumalizia ncha. Zipige tupa kwa mlalo wa digrii 35 hivi zisichane mkono, halafu funga nyuzi, tyuni, na uliache gitaa wiki moja au mbili pale litakapokuwa linakaa. Mbao inakunywa na kutoa unyevu, chuma hakifanyi hivyo, gitaa lililofretiwa Dar kwenye joto la unyevu likipelekwa Dodoma au Nairobi kwenye ukavu ubao unasinyaa na ncha zinachungulia nje upya. Pitisha kidole pembeni mwa shingo kuanzia juu mpaka chini, kinachokwaruza kipige tupa, na hapo ndo ulileveli mara ya mwisho nyepesi na kurekebisha aksheni, yaani nyuzi zikae juu kiasi gani kutoka kwenye freti.